Fuvu la ngamia wa Marekani kwenye maabara ya Tabora: feki au nakala?

*"Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Tabora. Mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea shuleni kwetu alipoondoka alituachia fuvu kubwa la rangi ya kahawia, lina karatasi iliyoandikwa Camelops hesternus. Nililiweka juu ya kabati la maabara, likawa fahari ya shule. Sasa, siku ya kikao cha wazazi, mzazi mmoja kaligonga kwa ukucha, kacheka: 'Mwalimu, hii si plastiki?' Tangu hapo wanafunzi wanaliita fuvu feki. Mwenzangu wa jiografia anashikilia kwamba Marekani hakujawahi kuwa na ngamia, ngamia ni wa Arabuni. Isitoshe, tangu joto la Oktoba taya la chini haliingiani na la juu: nikilipanga vizuri upande wa kulia, kushoto kunaachama. Na jirani ananitisha kwamba watu wa maliasili wakilikuta nitajibu kesi ya nyara. Nilitupe, nilitengeneze, au nitafute fuvu la kweli?"*

Mwalimu, usilitupe. Umenifungia maswali manne kwenye furushi moja, na nadhani linalokunyima usingizi ni hilo la mwisho la jirani, kwa hiyo nianze nalo.

Kesi ya nyara inahusu mnyama pori au sehemu ya mwili wake: pembe, jino, ngozi, mfupa. Hicho ndicho Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inachokilinda. Ulichonacho kabatini ni kitu kilichomiminwa kiwandani kama ndoo inavyomiminwa, hakina chembe ya mfupa. Kiingize kwenye daftari la mali za shule kwa maneno yaliyonyooka, "nakala ya fuvu, resini, kwa kufundishia" (resini ni aina ya plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda), na kama mgeni aliacha barua au risiti, ibandike hapo hapo. Ukiona bado moyo hautulii, lifunge kwenye khanga ulipeleke mwenyewe kwenye ofisi ya wanyamapori ya wilaya mchana kweupe. Afisa ataligonga kama alivyofanya yule mzazi, na yataishia hapo.

Tahadhari yangu ni nyingine. Fuvu likishapata umaarufu, wanafunzi huanza kuleta ya kwao. Atakuja mmoja na taya la kiboko kutoka Ugalla au Malagarasi, kaliokota mjomba wake akivua, na hilo ni suala jingine kabisa. Usilipokee likalala kabatini. Nenda kwenye ofisi ile ile uulize kabla hujaligusa. Vivyo hivyo mtu akikwambia kuna mfupa uliogeuka jiwe umejitokeza korongoni: visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo msichimbe. Pigeni picha, muwekee alama mahali penyewe, mtoe taarifa.

Sasa hilo neno feki. Nimekaa na vitu hivi miaka mingi na bado linanichoma, ingawa naelewa linakotoka. Simu feki ni ile inayojidai kuwa ya kampuni ambayo haikuitengeneza. Fuvu lako halikujidai kitu. Karatasi iliandikwa jina la mnyama, nyinyi mkadhani ndiye mwenyewe. Lebo ndiyo iliyopungukiwa maneno.

Na kama nakala ni aibu, basi aibu hiyo ni ya makumbusho karibu yote ya dunia. Lile fuvu la zamadamu Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959 limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Hata hivyo liko pia kwenye makabati ya vyuo na makumbusho ya nchi nyingi, yote hayo nakala. Yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, amesimama Berlin akiwa na urefu wa kwenda juu wa zaidi ya mita 13, lakini kichwa kilichoko juu ya shingo yake ni nakala, maana fuvu halisi ni zito na linavunjika kirahisi. Tena mngeenda na wanafunzi Ujiji kwa treni mngewakuta Livingstone na Stanley wamesimama wanasalimiana, wameumbwa kwa karatasi na gundi. Hajawahi kutoka mtu pale akilalamika kwamba kauziwa Stanley feki.

Nieleze nakala inavyozaliwa, maana hapo ndipo pa kupimia ubora wa hiyo uliyonayo. Fundi huchukua kisukuku chenyewe, akakisafisha, akakipaka silikoni laini inayoingia kila ufa. Silikoni ikishakauka huwa mpira, akaivua vipande viwili au zaidi: hiyo ndiyo kalibu. Humo humimina resini ya maji yenye dawa ya kuigandisha, ikakauka ikiwa na umbo lile lile. Mwisho hupaka rangi. Silikoni hunasa kitu kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, hata mkwaruzo wa brashi ya aliyekuwa akisafisha.

Chukua tochi, umulike kwa ubavu, si kwa juu. Chini ya tundu la jicho, ukielekea puani, utaona kitundu upande huu na upande ule. Hapo ulipita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye mdomo wa juu. Zunguka nyuma ya kichwa: pana mgongo wa mfupa uliochongoka na wenye mikwaruzo, ndipo zilipojishika kano na misuli ya shingo iliyokuwa ikiubeba mzigo huo wote. Kama hivyo vinaonekana wazi, mna nakala nzuri, imetoka kwenye mfupa wenyewe au karibu nao. Kama kila kitu ni kama sabuni iliyotumika wiki nzima, mna nakala ya nakala. Resini hunywea kidogo kila inapomiminwa, kwa hiyo kitukuu cha kisukuku huwa kidogo kuliko babu yake, na vipimo vyake si vya kuandika kwenye ripoti. Utaona pia mstari mwembamba unaozunguka fuvu. Ni pale vipande vya kalibu vilipokutana. Na mahali palipo laini mno, pasipo na mshipa wala ufa, pengine mfupa ulikuwa umepotea na fundi akajazia kwa mkono. Waambie wanafunzi hayo yote. Niliwahi kuona darasa la kidato cha pili likiutafuta mstari wa kalibu kwa vidole, kimya, dakika kumi nzima.

Kuna kazi nakala haiwezi. Huwezi kuipima umri wa mnyama, huwezi kuitafutia DNA, na michubuko ile midogo sana juu ya meno inayoonyesha mnyama alikula nini haifai kupimwa kwenye nakala yenye rangi. Hizo ni kazi za mfupa. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza anayetaka kuingiza kidole kwenye tundu la jicho, nakala inashinda, kwa sababu halisi asingeruhusiwa hata kuisogelea.

Nije kwa mwenzako wa jiografia, nimwombe atulie kidogo. Kwa ngamia wa leo wa nundu moja yuko sahihi: Arabuni ndiko alikofugwa. Ila ukoo wenyewe haukuanzia huko. Ulianzia Amerika Kaskazini, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, kwa vinyama visivyozidi sungura. Kwenye mabonde makavu ya South Dakota na Nebraska wanachimbwa ngamia wadogo kiasi cha mbuzi, Poebrotherium, wa miaka kama milioni 35 iliyopita. Waliendelea kukaa huko huko, bara moja, wakinenepa na kurefuka miguu, mpaka kati ya miaka milioni 6 na 7 iliyopita ndipo baadhi walipovuka kwenda Asia, pale palipo Mlango wa Bering leo, wakati huo pakiwa nchi kavu. Wengine baadaye walishuka Amerika Kusini. Hao ndio wazazi wa lama na alpaka.

Camelops ni wale waliobaki nyumbani. Alikuwa mkubwa: begani alipita mita mbili, mtu mzima wa kawaida angemtazama kwa kuinua shingo. Aliishi magharibi ya Amerika Kaskazini, kutoka Meksiko hadi Yukon kule Kanada, na mifupa yake imetoka kwa wingi kwenye visima vya lami ya asili vya La Brea, katikati ya jiji la Los Angeles, ambako wanyama walinasa wakafa. Jina Camelops alilitoa Mmarekani Joseph Leidy mwaka 1854, maana yake "uso wa ngamia", na hesternus ni Kilatini, "wa jana". Jana yenyewe ni mwisho wa Zama za Barafu, miaka elfu kumi na kitu iliyopita. Wapo wanaolaumu hali ya hewa iliyobadilika haraka, wapo wanaowalaumu wawindaji wa kwanza. Mimi naona vyote viwili vilisaidiana. Kwa miaka mingi vitabu vilimweka karibu na lama. Mwaka 2015 DNA kutoka mifupa ya Yukon ikaonyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni ngamia wa jangwani. Mwambie mwenzako pia kwamba mwaka 1856 jeshi la Marekani lilishusha ngamia 34 bandarini Texas kwa ajili ya kubeba mizigo, na watu wakashangaa wanyama wa kigeni. Wageni, kwenye bara walikozaliwa babu zao!

Akiuliza alikuwa na nundu ngapi, mjibu kwamba fuvu halisemi, na hata mifupa mingine haisemi. Nundu ni mafuta, haiachi alama kwenye mfupa. Michoro yote yenye nundu moja ni makisio.

Na kwa kuwa mpo Tabora, kuna jambo la karibu zaidi na nyinyi kuliko Texas. Jarida la *Nature* mwaka 1969 lilichapisha taarifa juu ya visukuku vya ngamia vilivyopatikana Kenya na Tanzania. Maana yake ngamia wa kale, wa ukoo uliokwisha kuvuka Asia, walifika mpaka huku kwetu kabla binadamu hajafuga chochote. Halafu wakatoweka, na misafara ilipoanza kupita Kazeh, yaani Tabora ya zamani, kati ya pwani na Ujiji hapakuwa na mnyama wa kutegemewa kubeba. Mbung'o walimaliza punda na ng'ombe njiani, ngamia naye haiwezi nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Pembe na vitambaa vikapita juu ya vichwa na mabega ya Wanyamwezi. Mwenzako ana kipindi kizima hapo kama anakitaka.

Turudi kwenye taya, na hapa nakusihi usishike kitu cha moto kabla hujasoma mpaka mwisho. Inawezekana halijapinda kabisa. Kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, taya la chini ni jembamba kuliko la juu. Ukipanga magego ya kulia yakutane, ya kushoto lazima yaachane. Mnyama hatafuni pande mbili kwa mpigo, husaga upande mmoja taya likizunguka, na ngamia hubadilisha kulia na kushoto kwa zamu, tafuno hadi tafuno. Kwa hiyo hicho unachokiona kibovu huenda ndicho kinachofanya kazi.

Pima hivi. Liweke taya la chini peke yake juu ya meza iliyonyooka, au juu ya kioo cha dirisha. Likikaa tuli pande zote, ni zima. Likiyumba kama kigoda chenye mguu mfupi, basi limepinda, na sababu ni pale ulipoliweka. Juu ya kabati, chini ya bati, mwezi wa Oktoba, ni jiko. Resini nyingi hulegea joto likizidi, na kitu kilicholegea hufuata uzito wake polepole bila wewe kuona. Yamenikuta. Niliwahi kuacha nakala ya fuvu nyuma ya gari tulipokula mchana Nzega; nilipofungua mlango, upinde wa shavu ulikuwa umelala kama sikio la mbuzi. Nilikuwa na darasa kesho yake asubuhi.

Habari njema ni kwamba joto lililopinda ndilo linalonyoosha. Kwanza hakikisha ni resini. Chini, mahali pasipoonekana, kwaruza kwa ncha ya pini na uweke tone la maji. Likitoka vumbi jeupe na tone likanywewa, ni plasta. Usiiloweshe, itamomonyoka, na plasta haipindi, kwa hiyo tatizo lako liko kwingine. Tone likikaa juu, endelea. Jaribu rangi kwa kitambaa chenye maji ya moto upande wa ndani; ikitoka, acha, mpe fundi. Isipotoka, chovya taulo kwenye maji yanayofuka mvuke lakini hayachemki, likamue, ulizungushie lile eneo lililopinda tu. Usilitumbukize taya zima kwenye beseni, nakala nyingi zina uwazi ndani na maji yakiingia hayatoki. Badilisha taulo mara tatu nne. Vaa glovu. Ukihisi resini inakubali, inyooshe taratibu ikapite kidogo tu pale unapopataka, ifunge kwenye ubao kwa mikanda ya tyubu ya baiskeli, uiache kivulini ipoe yenyewe mpaka kesho yake. Ikikataa baada ya majaribio mawili, usilazimishe. Zipo resini ambazo zikishakauka hazilegei tena, hizo huvunjika.

Likikatika jino, gundi ya mirija miwili inayochanganywa inatosha. Gundi ile ya papo kwa papo siipendi kwa meno kwa sababu ukikosea kupanga hupati nafasi ya pili. Ukipiga msasa, piga ukiwa umelowesha, nje, na barakoa usoni, maana vumbi la resini ni baya kwa mapafu. Wanafunzi wasifanye kazi hiyo. Thina, petroli na dawa ya kufutia rangi ya kucha zisilisogelee hata siku moja. Brashi laini na kitambaa chenye unyevu vinatosha. Ukiona kazi imekuzidi, usianze kumtafuta mtaalamu wa makumbusho Dar. Mtafute fundi wa meno bandia hapo hapo mjini, plasta na resini ndiyo kazi yake ya kila siku. Ila kama unataka mtu wa kuthibitisha kwamba nakala ni ya Camelops kweli, mpelekee picha mtu wa Makumbusho ya Taifa au wa Idara ya Akiolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Liondoe kabatini juu. Likae rafu ya chini, mbali na dirisha, kwenye kimto cha kitambaa kilichojazwa mchanga, taya likiwa limeegemea urefu wake wote. Na asilibebe mtu kwa upinde wa shavu kana kwamba ni mpini wa kikapu, hapo ndipo panapokatika kwanza.

Fuvu la kweli la ngamia sikushauri. Litakugharimu safari ya kaskazini wanakofugwa, na litakufundisha machache kuliko kichwa cha ng'ombe kutoka machinjioni, ambacho utakipata kwa bei ya supu. Kiwe cha ng'ombe aliyekaguliwa na bwana mifugo, kamwe si cha aliyekufa kibudu, kwa sababu ya kimeta. Toa nyama, kiloweke kwenye ndoo yenye kifuniko mbali na madarasa, badilisha maji wiki kwa wiki mpaka mfupa utoke. Kitanuka, nisikufiche. Dawa ya kufulia ya klorini usitie, inakula mfupa.

Kisha weka viwili hivyo mezani pamoja. Ng'ombe mbele juu hana jino hata moja, ana ufizi mgumu tu anaobania majani dhidi ya meno manane ya chini. Ngamia juu mbele ana jino kila upande, limechongoka, na nyuma yake chonge. Ng'ombe ana meno 32, ngamia wa leo 34. Camelops alipunguza magego ya awali, kwa hiyo yake hayafiki 34. Usiwaambie idadi, wape tochi wahesabu, upande mmoja waandike wa wavulana, mwingine wa wasichana, walinganishe.

Lebo iandike upya kabla ya yote: "Nakala ya resini ya fuvu la Camelops hesternus, ngamia wa Amerika Kaskazini, alitoweka mwishoni mwa Zama za Barafu. Ruhusa kugusa." Na kama taya litaendelea kuyumba baada ya taulo, nitumie picha tatu: moja kutoka juu, moja ubavuni likiwa juu ya kioo, na moja ya sehemu ya chini uliyokwaruza kwa pini.